Oksijeni Inapogeuka Mla Plastiki

Karibu kila nyumba ina beseni la plastiki lililopauka na kupasuka baada ya kuachwa nje miezi na miezi. Lawama huwa tunalitupia jua. Lakini juu angani plastiki ina adui mwingine ambaye huwezi kumshuku hata kidogo: oksijeni, hewa hii hii inayotupa uhai. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Huku chini, atomu za oksijeni hutembea mbili mbili, zimeshikana kama mume na mke, na hazisumbui jirani. Ukipanda juu kilomita 200 hadi 700 hivi, miale mikali ya jua huzitenganisha. Kwa vile hewa huko ni haba mno, kila atomu hubaki ikizurura peke yake kwa muda mrefu, na ina uchu wa kuungana na kaboni, ambayo ndiyo msingi wa plastiki nyingi.

Setilaiti nazo hupita humo humo kwa kasi ya karibu kilomita 8 kwa sekunde. Huo ni mwendo wa kutoka Nairobi hadi Mombasa kwa dakika moja hivi! Zinapozigonga atomu hizo, kaboni ya plastiki hung'olewa na kutoweka ikiwa gesi, kama makaa yanavyokwisha jikoni, ila hapa hakuna moto.

Wamarekani walijionea wenyewe. Mwezi wa Aprili 1984 shirika lao la NASA liliacha angani chombo kikubwa kama basi, kwa jina LDEF, kimebeba vipande vya plastiki, rangi na metali. Kilikusudiwa kukaa mwaka mmoja tu. Ratiba ikavurugika, kisha ikaja ajali ya Challenger ya Januari 1986. Chombo hicho kilirudishwa Januari 1990, baada ya karibu miaka sita. Karatasi nyembamba za Kapton, plastiki inayosifiwa kwa kustahimili joto na baridi kali, zilikuwa zimeliwa zikaisha katika upande uliotazama mbele. Upande wa nyuma, ambako atomu chache sana zilifika, hali ilikuwa nafuu.

Je, kinga ni nini? Fikiria jivu: haliungui mara ya pili. Vivyo hivyo, kitu ambacho tayari kimeshiba oksijeni hakiliwi tena. Ndiyo maana plastiki inayobeba mabawa ya umeme wa jua ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu ilipakwa tabaka jembamba sana la silika, jamaa ya kioo. Lakini tabaka hilo likitobolewa hata tundu la sindano, atomu hupenya na kula chini kwa chini, kama mchwa walavyo mbao huku rangi ikibaki inang'aa. Nao wakaazi wa kituo hicho hutegemea umeme huo kwa kila kitu, hata hewa ya kupumua.

Jambo hili si la wageni pekee. Setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoachiliwa kutoka katika kituo hicho Mei 2018 ilizunguka katika hewa hiyo hiyo yenye meno. Mwanafunzi anayeona somo la kemia halina faida na alifikirie hilo.

Hata hivyo, mharibifu huyu ana wema wake. Mwaka wa 1997, katika jumba la Andy Warhol mjini Pittsburgh, mtu aliyepaka rangi ya mdomo aliubusu mchoro wa msanii huyo uitwao Bathtub na kuacha alama. Wataalamu wa NASA waliokuwa wakiichunguza oksijeni hiyo kwa ajili ya setilaiti waliielekeza kwenye alama ile. Rangi ya mdomo ikaliwa, mchoro ukabaki.

Basi ukimjua adui yako vyema, huenda siku moja ukampa kazi.