Neno "mshipa" halitoshi

Mwaka 1808 daktari Mwingereza kwa jina Thomas Young aliwaeleza wataalamu wenzake mjini London jinsi pigo la moyo linavyosafiri ndani ya ateri. Miaka mitano baadaye, bwana huyo huyo ndiye aliyebuni jina la jamii ya lugha za Kihindi-Ulaya, ambalo sisi wanaisimu tungali tunalitumia. Kwake yeye, mwili na maneno havikuwa mambo mawili yasiyohusiana. Kwetu, nachelea kusema, vimetenganishwa, na anayeumia ni mgonjwa.

Kila moyo udundapo, ateri hutanuka kisha hurejea hali yake, mithili ya mpira. Umri, presha, kisukari na sigara huzikakamaza. Ateri ikikakamaa, wimbi la pigo huenda kasi zaidi, moyo hulemewa, na ubongo na figo huweza kudhurika. Kwa altrasaundi, mpimaji huweka kifaa shingoni akatazama kwenye kioo jinsi ukuta wa ateri unavyotanuka na kunywea. Akilinganisha na presha ya mgonjwa, huweza kukadiria ukakamavu wake pasi na kisu wala sindano.

Haya si mambo ya ng'ambo pekee. Katika utafiti wa AWI-Gen, uliohusisha nchi nne za Afrika, wakazi wa Korogocho na Viwandani, mitaa ya Eastlands kama huu wetu wa Tena, walipimwa kwa altrasaundi unene wa kuta za ateri za shingo. Unene si ukakamavu, lakini vyote viwili hutuonya kabla ya maafa. Tena onyo lahitajika: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban robo ya Wakenya watu wazima walikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu hawakuwa wamewahi kupimwa.

Sasa tujiulize: mgonjwa huambiwa nini baada ya kupimwa? Mzee mmoja, jirani yangu hapa Tena, alielezwa katika zahanati fulani kwamba "mshipa umekuwa mgumu". Alirejea nyumbani akiamini ana ngiri, akaanza kutafuta dawa ya kuchua. Vidonge vya presha aliviacha kabatini.

Simlaumu hata chembe. Katika Kiswahili, mshipa ni ateri, ni vena, ni neva. Ni ngiri pia. Neno moja limetwishwa mizigo minne. Mwenye kuambiwa "mshipa" huchagua maana aijuayo, na aghalabu huchagua isiyokusudiwa.

Yamkini wapo watakaodai kwamba lugha yetu haina istilahi. Dai hilo halina mashiko. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Maneno yapo, ni matumizi yanayokosekana. Daktari hufunzwa kwa Kiingereza, huandika kwa Kiingereza, kisha hutarajiwa kufasiri papo hapo huku foleni ikimngoja mlangoni.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yataka mgonjwa aelezwe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Katika mtaa kama Tena, inawezekana. Vyuo vya udaktari na uuguzi vifundishe istilahi za Kiswahili na kuzitahini. Kila cheti cha kipimo kiwe na sentensi mbili za Kiswahili: "Ateri, yaani njia za damu itokayo moyoni, zimekakamaa. Usiache dawa hata usiposikia maumivu."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Lakini maradhi haya hujificha yenyewe, hayaumi wala hayawashi. Mashine imekwisha kuyafichua. Tusiyafiche tena kwa neno.