Dawa ya Macho si Chumvi ya Kuombana

Ipo tabia iliyoota mizizi katika ofisi na shule zetu, nayo haifai kuendelea kufumbiwa macho. Mwalimu akiwashwa macho kwa vumbi la chaki, mwenzake humtolea kichupa mkobani: "Tia tone moja tu, ndugu, yangu yalipona siku ile ile." Karani naye hukiweka kichupa chake mezani kama chumvi, kila apitaye ajipatie. Watendao hivyo hudhani wanasaidiana. La hasha! Wanaumizana.

Vichupa hufanana, lakini dawa zilizomo hazifanani. Yapo machozi ya bandia ya kulainisha jicho kavu. Zipo dawa za kutuliza mzio, na zipo za kuua bakteria. Tena zipo zenye steroidi, kama vile deksamethazoni. Hizi ndizo zinazopendwa mno, maana wekundu na muwasho hukoma upesi. Nafuu hiyo ndiyo mtego wenyewe. Steroidi ikitumiwa kwa majuma mengi pasipo uangalizi wa daktari huweza kuleta mtoto wa jicho na kupandisha presha ya jicho. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji. Lakini mshipa wa fahamu wa jicho ukisha kufa kwa presha, hakuna daktari awezaye kuufufua. Na mara nyingi presha hiyo haiumi: huiba nuru kidogo kidogo, kuanzia pembeni.

Aidha, ncha ya kichupa ikigusa jicho lenye maradhi, huyabeba hadi kwa jicho la pili. Mwanzoni mwa mwaka 2024 tuliona jinsi macho mekundu yalivyoenea Dar es Salaam. Je, somo hilo tumekwisha kulisahau?

Wapo watakaojitetea kwamba hospitali ina foleni. Ni kweli, foleni ipo. Lakini foleni ya siku moja si sawa na upofu wa maisha. Na muuza dawa anayetoa steroidi bila cheti cha daktari ameiweka faida yake mbele ya macho ya wananchi.

Aliyeandikiwa dawa naye aitumie ipasavyo. Anawe mikono, avute kidogo kope la chini, atie tone moja bila ncha kugusa jicho, kisha afumbe macho kwa dakika moja au mbili huku akibonyeza kona ya jicho iliyo karibu na pua. Akiwa na dawa mbili, angoje dakika tano kati yake. Kichupa kikisha kufunguliwa, kwa kawaida hutupwa baada ya majuma manne, hata kama dawa imebaki.

Sisi watumishi na walimu ndio tunaotazamwa. Mwanafunzi amwonaye mwalimu wake akiazima dawa ya macho atakwenda nyumbani kumtilia mdogo wake. Basi kila kichupa kibaki kwa mwenyewe, na mwenye kuwashwa aende akapimwe.