UMEPIMWA UGHAIBUNI UKAAMBIWA UNA UGONJWA: USIKAE NA KARATASI CHINI YA MTO



Shukrani zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na swahaba zake.

Ndugu yangu msomaji, leo naandika kuhusu jambo ambalo mimi mwenyewe nililikosea. Nililikosea hadharani, kwa hiyo ni haki nilirekebishe hadharani.

Miezi michache iliyopita, baada ya swala ya Alfajiri, nilipigiwa simu na kijana mmoja wa mtaani kwetu. Jina lake silitaji, wala nchi aliyokuwepo, ila ni moja katika nchi za Ghuba. Kijana huyu amesoma juzuu amma mbele yangu. Alikwenda Uarabuni kufanya kazi kwenye ghala. Baba yake aliuza kipande cha shamba, mama akakopa kwenye kikoba, wakala akalipwa chake. Mke na mtoto mmoja wakabaki nyumbani kwa wazee.

Alipofika, kama ilivyo kawaida ya nchi zile, akapelekwa kupimwa upya kabla ya kupewa kibali cha ukaazi. Damu ikachukuliwa, kifua kikapigwa picha. Baada ya siku chache akaitwa ofisini, akapewa karatasi ya Kiarabu na Kiingereza, akaambiwa ajiandae kurudi kwao. Wamemkuta na virusi vya homa ya ini aina ya B.

Hakuwa anaumwa popote. Alikuwa anabeba maboksi na kucheka na wenzake. Akaniambia, "Sheikh, leo siku ya tisa nalala na hii karatasi chini ya mto. Sijamwambia mtu."

Nikamuuliza, "Mwanangu, mbona hukunipigia siku ya kwanza?"

Akanyamaza. Kisha akasema, "Niliogopa. Wewe ulitufundisha kwamba maradhi ya damu ni ya watu wa zinaa."

Wallahi niliishiwa na maneno. Ni kweli nilisema. Ilikuwa darsa la Ramadhani, msikiti umejaa. Nilitaja Hadithi iliyopokewa na Ibn Majah inayoonya kwamba uchafu ukidhihiri katika watu, hutokea maradhi ambayo wazee wao hawakuyajua. Hadithi ile inazungumzia jamii. Mimi nikaongeza la kwangu: kwamba ukimuona mtu ana ugonjwa wa damu, basi jua alikotoka. Nyongeza hiyo haikutoka kwa Mtume (s.a.w.). Ilitoka kwenye kichwa changu, na kijana akaibeba mpaka ugenini, ikamfunga mdomo siku tisa. Namuomba Allah anisamehe, na nyinyi mliokuwepo siku ile mnisamehe.

Sasa nisikilize, hasa wewe uliye Muscat, Doha, Riyadh, Dubai au kwingineko, na nawe unayejiandaa kwenda.

*1. KUKUTWA NA UGONJWA SI HUKUMU JUU YAKO*

Baada ya simu ile nilikwenda kwa daktari mmoja anayeswali kwetu, nikakaa chini kama mwanafunzi. Akanifundisha kwamba homa ya ini B hupita kwenye damu na majimaji ya mwili. Ndiyo, hupita katika tendo la ndoa na la haramu pia. Lakini hupita vilevile kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua, na kati ya watoto wadogo wanaokua pamoja. Mtoto mchanga akiambukizwa, mara tisa katika kumi ugonjwa hubaki naye maisha. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake huufukuza wenyewe. Kwa hiyo wengi wanaoishi nao leo hapa kwetu waliupata kabla hawajajua kutembea. Chanjo yake ilianza kutolewa kwa watoto Tanzania na Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Waliozaliwa kabla ya hapo, wengi wao hawakuipata.

Unaona, ndugu yangu? Mimi nilimuhukumu mtu kwa jambo ambalo huenda lilimfika akiwa kwenye mbeleko.

Na kifua kikuu je? Hicho hupita kwa hewa. Mtu huweza kukipata kwenye daladala au kwenye chumba cha kulala watu kumi. Tena wapo waliougua wakapona zamani, likabaki kovu kwenye pafu, na kovu hilo tu likatosha kuwazuia kazi. Na kisukari na presha, nani atasema ni vya zinaa?

Nabii Ayyub (a.s.) aliugua muda mrefu, na Allah amemsifu kwa subira katika Qur'ani. Mtume (s.a.w.) ametufundisha katika Hadithi ya Bukhari na Muslim kwamba Muislamu hapatwi na tabu, maradhi wala huzuni, hata mwiba unaomchoma, ila Allah humfutia kwayo makosa yake. Na katika Bukhari kuna bishara kubwa zaidi kwako: mja akiugua au akisafiri, huandikiwa mfano wa amali alizokuwa akizifanya akiwa mzima na yuko nyumbani. Wewe uliye ugenini na umeugua, umeyakusanya yote mawili.

*2. KUTAFUTA DAWA HAKUPINGANI NA TAWAKKUL*

Wapo watakaokutumia ujumbe kwamba ukisoma kitu fulani mara kadhaa, utupe vidonge. Na wapo watakaokuuzia chupa ya "kusafisha ini". Jihadhari nao. Ruqya ni haki, dua ni silaha, asali ina shifaa. Lakini anayekwambia uache dawa ya hospitali kwa sababu amekusomea, huyo anacheza na roho yako. Na mitishamba mingine huliumiza ini lenyewe, ukaongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

Mtume (s.a.w.) ametuamuru tujitibu, na ametufahamisha kwamba Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia tiba. Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham, akafika Sargh akaambiwa kuna tauni huko mbele, aliamua kurudi. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Akamjibu kwamba anaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeteremka bonde lenye pande mbili, moja ina malisho na nyingine kavu. Popote atakapolisha, analisha kwa kadari ya Allah. Basi ugonjwa ni kadari, na kidonge ni kadari. Wewe chagua upande wenye malisho.

Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi sita na mtu akapona. Hapa kwetu dawa zake hutolewa bure kwenye hospitali za serikali, na za virusi vya ukimwi pia. Homa ya ini B, si kila mwenye nayo huhitaji dawa mara moja, lakini kila mwenye nayo huhitaji kufuatiliwa, kwa sababu ikiachwa huweza kuharibu ini kimyakimya. Na anayehitaji dawa, ipo ya kuwadhibiti virusi.

*3. UKIWA BADO UKO HUKO*

Kwanza, ulijue jina la ugonjwa. Usikubali kuambiwa tu "hufai". Omba nakala ya majibu, ipige picha, itunze. Ukirudi, daktari wa kwetu ataanzia hapo.

Pili, usitie saini karatasi usiyoielewa. Mtafute anayesoma lugha hiyo.

Tatu, usitoroke. Najua shetani anakuja na fikra hiyo: shamba limeuzwa, nitarudi na uso gani? Ukitoroka unakuwa huna kibali, huwezi kwenda hospitali bila hofu, na ugonjwa unaendelea. Ukidhulumiwa mshahara wa siku ulizofanya kazi, au pasipoti yako imezuiwa, wasiliana na ubalozi wetu. Ujira ni haki yako. Mtume (s.a.w.) ameagiza mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho halijamkauka, na maradhi hayaifuti haki hiyo.

Nne, mwambie mtu mmoja unayemwamini. Mmoja tu anatosha kuanzia. Siri nzito ukiibeba peke yako chumbani ugenini, shetani anapata pa kukaa.

*4. SIRI NA HAKI YA MWENZA WAKO*

Hapa watu huchanganya. Sitara ni jambo jema. Huna wajibu wa kuutangazia mtaa ugonjwa wako, na aliyekusikia hana ruhusa ya kuusambaza. Lakini mkeo au mumeo si mtaa. Kanuni aliyotuachia Mtume (s.a.w.) ni kwamba hakuna kudhuru wala kulipizana madhara. Ukirudi ukalala naye na ukamficha ugonjwa unaoweza kumfika, umemdhuru. Hiyo haiitwi sitara.

Mwambie, naye apimwe pamoja na watoto. Asiyekuwa nao achanjwe. Kwa mtu mzima ni sindano tatu ndani ya miezi sita. Ndoa haivunjiki kwa sababu hiyo, wala sahani hazitengwi. Homa ya ini B haipiti kwa kula pamoja wala kwa kupeana mkono. Wembe, mswaki na sindano ndivyo visivyochangiwa. Na hapa nawakumbusha wapiga chuku na wenye kutahiri: wembe mmoja kwa watu wawili ni dhulma, hata kama umeanza na Bismillahi.

*5. WEWE UNAYEMPOKEA*

Nimeona kwa macho yangu mtu anarudi na begi moja, na neno la kwanza analoulizwa ni, "Umeleta nini?" La pili, "Mbona mapema?" Kisha minong'ono. Ndugu zangu, mtu huyu amerudi mgonjwa na mwenye deni. Tusimuongezee aibu.

Mnaomdai, Allah katika Suratul Baqara, aya ya 280, ameamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wepesi, na kumsamehe ni bora zaidi.

Na sisi viongozi wa misikiti, hapa ndipo nina ugomvi na kamati zetu, yangu ikiwemo. Nilipopendekeza kijana asaidiwe kutoka mfuko wa zaka, nikaambiwa zaka ni ya wajane na maskini, huyu ni kijana mwenye nguvu, tena alikwenda kutafuta utajiri. Nikawaambia, fungueni Suratut Tawba, aya ya 60. Mafungu ni manane. Ndani yake wamo wenye madeni, na yumo msafiri aliyekatikiwa njiani. Hakukopa kwa ajili ya ulevi. Alikopa kutafuta halali, na Allah ametuamrisha kutawanyika katika ardhi kuitafuta fadhila yake. Ikiwa kijana aliyekwama ugenini hana nauli si ibnu sabili, basi nani? Tumezoea kugawa mchele Ramadhani tukasahau mafungu mengine. Hiyo ndiyo rai yangu, na mwenye dalili kinyume chake anilete, nitamsikiliza.

*6. UNAYEJIANDAA KWENDA*

Pima kabla shamba halijauzwa. Usisubiri kipimo cha wakala. Nenda hospitali mwenyewe, upimwe damu, kifua, sukari na presha, ujue hali yako. Na usinunue cheti. Najua kuna wanaoambiwa, "Lipa kidogo, utapita." Utapita hapa, huko watakupima tena, na fedha ya nauli na ya wakala itakuwa imekwenda. Kisha ule ni uongo wa maandishi, na riziki iliyoanza kwa uongo baraka yake ni ndogo.

Ndugu yangu, kijana wetu alirudi. Nilikwenda kumpokea mwenyewe stendi, kwa sababu nilitaka watu wanione nimemkumbatia. Mkewe alipimwa, akakutwa mzima, ameanza chanjo. Mtoto alikwishachanjwa akiwa mchanga. Mama yake naye alipimwa akakutwa nao, na amekuwa nao miaka yote hiyo bila kujua. Alilia, akasema, "Kumbe ni mimi niliyempa." Nikamwambia, mama, wewe ulimpa uhai, hili lingine ni kadari. Sasa wote wawili wanafuatiliwa hospitali. Kama asingekwenda ughaibuni akapimwa, mama yule angegunduliwa lini?

Deni halijaisha. Kamati imetoa sehemu, kikoba kimeongeza muda, shamba halijarudi. Yeye anaendesha bajaji ya mtu na swala ya Alfajiri yuko safu ya mbele. Ameniruhusu niandike haya, kwa sharti jina lake lisitajwe.

Kama leo uko kwenye kitanda cha ghorofa katika kambi ya wafanyakazi, na kuna karatasi umeificha chini ya mto, itoe. Mpigie mtu simu. Allah aliyekuumba anajua kilichoandikwa humo kabla ya daktari.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu walio mbali na walio karibu. Warudishe wasafiri wetu salama. Walipie wenye madeni madeni yao kwa fadhila zako. Na utusamehe sisi wenye kusema bila elimu. Amin.

Mtumie ujumbe huu mwenye ndugu yake ughaibuni.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.