Msasa Una Namba, Dawa ya Meno Je?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Fundi seremala akienda dukani kununua msasa haombi msasa tu, hutaja na namba. Msasa wa namba 60 ni mkali, nao hutumika kuondoa rangi ya zamani. Wa namba 240 ni laini, hutumika mwisho, kabla ya kupaka vanishi. Namba hiyo hupigwa chapa nyuma ya karatasi, na hakuna fundi mwenye akili atakayesugua kabati la watu kwa msasa asioujua. Sasa na tuulizane: je, jino ni duni kuliko kabati? Maana dawa ya meno nayo ni msasa, twaitumia asubuhi na jioni maisha yetu yote, wala boksi lake halina namba ya ukali.

Pengine msomaji atashangaa kusikia dawa ya meno ikiitwa msasa, lakini ndivyo ilivyo. Ndani ya tyubu mna unga uliosagwa sana, aghalabu wa chokaa au wa silika, na kazi yake ni kukwangua ukoga na madoa ya chai. Unga huo si kitu kibaya, maana bila ya huo madoa hayatoki upesi. Neno ninalotaka kulisema ni juu ya kiasi cha ukali wake.

Yatupasa kwanza kulijua jino lenyewe. Ganda lake la juu huitwa enameli, nalo ni gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini. Takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Chini yake iko dentini, ambayo ni laini zaidi na rangi yake ni ya manjano. Karibu na ufizi enameli ni nyembamba sana, na mtu ambaye ufizi wake umeshuka, dentini yake hubaki wazi. Ngozi ikichubuka hupona, na mfupa ukivunjika huunga, lakini enameli ikiliwa hairudi tena. Wahenga walisema: bandu bandu huisha gogo.

Je, ukali huo waweza kupimwa? Naam, tena si jambo la jana. Mwaka 1907 W. D. Miller, Mmarekani aliyekuwa akifundisha Berlin, aliandika habari za majaribio yake, akaonyesha jinsi mswaki wenye unga wa meno unavyoweza kuchimba mifereji katika jino. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Marekani walianza kupima kwa meno yenye mnururisho, na mwaka 1976 John Hefferren alitangaza utaratibu ambao hata leo ndio msingi wa kipimo hicho.

Utaratibu wenyewe ni wa kupendeza. Meno yaliyong'olewa hutiwa katika kinu cha nyuklia, na fosforasi iliyomo ndani yake hugeuka kuwa fosforasi-32, yenye kutoa mnururisho unaopungua nusu kila baada ya siku 14 hivi. Kisha mashine huyapiga mswaki meno hayo mara 1,500 kwa uzito wa gramu 150, ndani ya uji wa dawa ya meno na maji. Mwisho hupimwa mnururisho ulioingia katika ule uji. Ukiwa mwingi, ndipo ijulikanapo kuwa jino limeliwa sana. Kazi hiyo hiyo hufanywa kwa unga maalumu wa kulinganishia, nao umepewa namba 100. Dawa ikila nusu ya unga huo, namba yake ni 50. Ikila maradufu, ni 200. Namba hiyo huitwa kwa kifupi RDA. Shirika la Kimataifa la Viwango, katika kanuni yake ya ISO 11609, limeweka mpaka: dawa ya meno isizidi 250.

Basi namba ipo. Boksi la dawa ya meno hutuambia uzito, tarehe ya mwisho wa kutumia, na mara nyingi hata kiasi cha floridi. Kwa nini lisituambie na namba hii?

Nawasikia watengenezaji wakijibu kwamba dawa yoyote iliyo chini ya mpaka ni salama, na kwamba namba itawatia watu hofu bure. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani nacho husema kwamba dawa zisizozidi 250, zikitumiwa vizuri maisha yote, hula dentini kidogo tu, na enameli karibu hazili kabisa. Tena namba ya maabara haiujui mkono wa mtu. Yuko asuguaye polepole, na yuko asuguaye kama anayeondoa masizi ya sufuria. Hayo yote nayakubali. Lakini mtu ambaye ufizi wake umeshuka, daktari akimwambia atumie dawa laini, atakwenda dukani kuangalia nini? Dawa zote zimeandikwa maneno matamu, na picha ni za meno meupe. Mtu huyo anahitaji namba kama vile fundi anavyoihitaji namba ya msasa.

Jambo kubwa zaidi liko hapa hapa bwenini. Wengi wetu hatutumii dawa yenye mpaka wowote. Fedha ikiisha, tyubu nayo ikiisha, watu hutwanga mkaa, huchota majivu jikoni, na wengine hutumia mchanga. Wiki ya mwisho ya muhula uliopita mwenzetu mmoja mdogo alionekana bombani kila alfajiri akisugua meno kwa mchanga mpaka ufizi ukatoka damu. Meno yake yana rangi ya kahawia, na wenziwe walimcheka muhula mzima. Alitaka kurudi nyumbani na meno meupe.

Wasomaji, rangi ile si uchafu. Katika sehemu za Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida maji yana floridi nyingi kupita kiasi, na mtoto akiyanywa wakati meno yake yanapojengeka, rangi huingia ndani ya enameli yenyewe. Mchanga hauwezi kuiondoa bila ya kuiondoa enameli pamoja nayo. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, enameli ni kama 5, chokaa iliyomo katika dawa ya meno ni 3, na kwatzi, ambayo ndiyo punje nyingi za mchanga, ni 7. Kigumu hukwaruza laini. Tena enameli ikipungua, dentini ya manjano huonekana zaidi. Basi mwenye kutafuta weupe kwa mchanga atapata umanjano, na meno yatakayomuuma kila anywapo maji baridi.

Yuko atakayesema: "Mbona babu zetu walitumia mkaa na meno yao yalikuwa mazuri?" Babu zetu hawakula sukari kama sisi, na wengi wao walitafuna mti wa mswaki, ambao nyuzi zake ni laini. Na kuhusu mkaa, mwaka 2017 jarida la Chama hicho cha Marekani lilichapisha uchunguzi wa maandiko yaliyokwisha andikwa juu yake, na waandishi hawakuona ushahidi wa kutosha wa usalama wake wala wa faida zinazotangazwa. Mkaa tulioutwanga kwa jiwe hakuna aliyeupima. Mpaka wa 250 wahusu kiwanda. Hauihusu kanzi ya majivu.

Kwa hiyo naleta maoni matatu. Kwanza, Shirika la Viwango Tanzania liwatake watengenezaji na waagizaji waandike namba ya ukali juu ya boksi, kwa Kiswahili chepesi. Pili, Klabu yetu ya Sayansi ifanye jaribio dogo. Kinu cha nyuklia hatuna, lakini mizani na hadubini tunazo. Tusugue vipande vya plastiki mara 1,500 kwa uzito mmoja, kimoja kwa dawa ya meno, kimoja kwa mkaa, kimoja kwa majivu na kimoja kwa mchanga, kisha tutazame mikwaruzo. Plastiki si jino, na hatutapata namba, lakini macho yetu yatajua kipi ni kikali kuliko kipi. Tatu, asiye na dawa apige mswaki kwa maji matupu mpaka apate, wala asiguse mchanga. Na mwenye tyubu amgawie jirani yake kiasi cha punje ya harage. Na anayewacheka wenye meno ya kahawia aache, kwa maana kicheko chake ndicho kinachompeleka mwenzake bombani.

Mwenye maoni mengine na aandike katika toleo lijalo. Niko tayari kumsoma.