Hakimu si balozi wa nyumba kumi

Wanaklabu wengi wa hapa Massachusetts mmeshapigiwa simu ya aina hii: "Mwanangu, njoo unitafsirie kortini. Huyu kijana amenishinda." Kijana ana miaka 15, analala anakojua mwenyewe, shuleni haonekani. Mama amesikia kazini kwamba mzazi anaweza kumpeleka mtoto mkaidi kwa hakimu, naye anachotaka ni mtoto atishwe kidogo, kama alivyofanya chifu au balozi wa nyumba kumi kule nyumbani: anakaripiwa mbele ya wazee, kisha mnarudi wote.

Sheria yenyewe ina ukoo wa kutisha. Mwaka 1646 koloni la Massachusetts liliamuru kwamba kijana wa kiume wa miaka 16 asiyewatii wazazi wake aweza kuuawa. Adhabu hiyo ilikwisha zamani, lakini ukaidi wa mtoto ulibaki kuwa kosa la jinai hadi 1973. Tangu 2012 anaitwa mtoto anayehitaji msaada, na si jina tu lililobadilika: hafungwi pingu wala hawekwi mahabusu ya korti. Na anapewa wakili.

Mzazi anaweza kupeleka ombi ikiwa mtoto hajafika miaka 18 na anatoroka nyumbani au anakataa amri za halali mara kwa mara. Shule nayo inaweza, mtoto akitoro kwa makusudi zaidi ya siku 8 katika robo moja ya mwaka wa masomo.

Sasa hapo kwenye wakili ndipo wazazi wetu hushtuka. Wakili yule ni wa mtoto. Atasema anachotaka mtoto, hata kama mama ndiye aliyeleta ombi. Na hakimu akiona mtoto kweli anahitaji msaada, anaweza kumwacha nyumbani kwa masharti, kumweka kwa ndugu, au kumkabidhi kwa idara ya serikali ya watoto na familia. Amri hudumu hadi siku 120, na yaweza kuongezwa hadi mara tatu, hadi siku 90 kila mara. Jumlisheni wenyewe.

Ndiyo maana nasema msiende kutafsiri, hata kama Kiswahili chenu ni cha kusifiwa. Ukimwambia mama kwamba serikali itachukua "uangalizi", ataelewa kwamba watamsaidia kumwangalia, na ataitikia kwa shukrani. Kumbe wao ndio watakaoamua mtoto alale wapi. Sheria ya jimbo inampa mtu asiyejua Kiingereza haki ya mkalimani kortini, aombe. Mtoto mwenyewe ndiye wa mwisho kabisa kupewa kazi hiyo (na tunajua ndiye anayepewa nyumbani kila barua inapofika). Pia, suala la nani akae na mtoto likijadiliwa, mzazi ana haki ya wakili wake, na asiye na uwezo hupewa na korti.

Sisemi mama asiende. Mtoto anayelala nje wakati wa baridi hasubiri kikao cha ukoo. Ila sheria hiyohiyo ya 2012 ilianzisha vituo vya familia ambako mzazi anasaidiwa bure, bila kesi. Shangazi akipiga simu, muulizeni kwanza kama ameshafika huko, na mjitolee kumsindikiza.