Tusiandike kuku kama hatufugi kuku

Pindi za wiki hii zimetubana kwelikweli, lakini kuna jambo la nyumbani Manchira limenikaa kichwani, acha niliseme.

Vijana wenzangu wa kule kwetu Serengeti wana kikundi cha elimu ya uraia. Lengo lao si kubwa. Wanataka mwanakijiji ajue kwamba kusomewa mapato na matumizi ya kijiji ni haki yake, siyo hisani ya mwenyekiti. Wanataka pia mtu ambaye tembo wamemalizia mahindi yake ajue namna ya kudai kifuta jasho. Wanahitaji hela kidogo tu: nauli, kutoa kopi za karatasi, chai. Kuna mahali walienda kuomba mkopo, wakaambiwa elimu siyo mradi, leteni andiko la kuku. Sasa kikundi kimegawanyika. Nusu wanasema tuandike kuku, mshiko ukitoka tufanye yetu.

Mimi nasema hapana.

Kwanza, ile hela inarudishwa. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Haina riba, sawa, lakini ni mkopo. Elimu ya uraia haitagi mayai, mtarejesha na nini? Tukumbuke pia kwamba mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, huku kukiwa na kelele za vikundi hewa na marejesho yasiyofanyika, hadi iliporudishwa mwaka 2024. Walioumia ni vijana wenye kuku wa kweli. Kikundi chenye kuku wa kwenye karatasi kina tofauti gani na kikundi hewa?

Pili, heshima. Siku mtakayosimama mbele ya kijiji kuuliza michango ya darasa imeenda wapi, mwenyekiti atawajibu kwa swali moja tu: na kuku wenu wako wapi? Hapo mradi umekufa, na hakuna mfadhili wa kuufufua.

Najua kuna mtu atasema, "Wewe unakula bumu huko chuoni, ndo maana unaongea kirahisi." Hoja yake naielewa. Kijana wa kijijini hawezi kuzunguka vitongoji kwa bodaboda ya kukopa kila wiki eti kwa sababu anaipenda nchi. Sisemi wajitolee mpaka uzee. Nasema waanze na kisichouzwa.

Mkutano mkuu wa kijiji ni bure. Kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, na unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Wala si jambo geni Mara: Wakurya wana ritongo, watu wanakaa pamoja kuamua mambo yao, na sijasikia mtu akidai posho ya semina huko. Kikundi kihudhurie mikutano minne, kiulize maswali, kiandike majibu. Huku kinajisajili halmashauri, kinaandika katiba, kinafungua akaunti, kinatunza mihtasari na risiti hata za shilingi elfu mbili. Mwaka ukiisha kina kitu cha kuonyesha. Hapo ndipo kiombe ruzuku, siyo mkopo. Wapo wanaotoa, kama Foundation for Civil Society iliyoanzishwa mwaka 2002, na maswali yao yanajulikana: mmesajiliwa wapi, mmefanya nini, hesabu ziko wapi?

Lawama nyingine naipeleka juu. Fungu letu la vijana linamwona kijana kama mfugaji au fundi tu. Hivi mwananchi anayejua kuuliza siyo maendeleo? Mji wa Mugumu unategemea maji ya Bwawa la Manchira. Yakizungumzwa mambo ya chanzo hicho kijijini, nani atanyoosha mkono kama hakuna aliyezoea kuuliza? Halmashauri ikitenga kifungu kidogo cha elimu hiyo, nje ya mikopo, hakuna kijana atakayelazimika kudanganya kuhusu kuku.

Ni hayo tu, narudi kwenye madesa. Mnaonaje wadau, hasa nyie wa nyumbani?