Florent Ibenge: kocha wa Mbandaka anayeng'aa nje, na somo kwa Ubundu

Mkongomani Florent Ibenge alipochukua Azam FC ya Dar es Salaam mwaka 2025, klabu hiyo ilikuwa haijawahi kufika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Miezi michache baadaye, ilifika. Kwa waliomfuatilia tangu Kinshasa, si ajabu.

Mzaliwa huyo wa Mbandaka alijifunza ukocha Ufaransa. Mwaka 2014 aliingia AS Vita Club, na mwaka ule ule akaifikisha fainali ya Ligi ya Mabingwa. Akiongoza pia Leopards, alipata nafasi ya tatu katika Kombe la Mataifa ya Afrika 2015, kisha ubingwa wa CHAN 2016 mjini Kigali, Kongo ikiichapa Mali 3-0. CHAN ni ya wachezaji wa ligi za nyumbani pekee. Kwa hiyo kikosi kile kilipikwa hapa hapa nchini.

Baadaye alitwaa Kombe la Shirikisho 2022 na RS Berkane ya Morocco, akahamia Al Hilal ya Sudan. Mapigano yalipozuka Khartoum Aprili 2023, timu ilibaki bila kiwanja wala ligi. Ilicheza ugenini, hata ikaalikwa katika ligi ya Mauritania. Pamoja na hayo, ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa 2025.

Hapo ndipo penye somo kwa mashariki ya Kongo. Vita na ukosefu wa viwanja vinaumiza mpira, hakuna anayebisha. Lakini Al Hilal, iliyopoteza hata mji wake, ilimwachia kocha misimu mitatu afanye kazi. Vita Club ilimpa zaidi ya miaka sita. Kwetu, kocha akifungwa mechi tatu tayari anatafutiwa mrithi.

Ubundu iko kilomita 125 kutoka Kisangani kwa njia ya reli, lakini safari hiyo ni ngumu. Mtoto mwenye kipaji huko hutegemea mwalimu wa shule au kaka wa mtaani mwenye moyo, asiye na cheti cha ukocha. Kama FECOFA na jimbo la Tshopo wanataka Ibenge mwingine, waanze na huyo kaka: mafunzo yamfuate Ubundu, asingoje nauli ya kwenda Kinshasa.